Seydlitz: Afisa wa Prussia Aliyejua Lini Amri Isubiri

Jeshi la Prussia la karne ya 18 lilisifika Ulaya nzima kwa utiifu. Kurutu alizoezwa kwa fimbo mpaka miguu na mikono yake ikafuata sauti ya mkubwa wake bila yeye kufikiri. Hata hivyo, afisa wa wapanda farasi aliyetia fora kuliko wote katika jeshi hilo, Friedrich Wilhelm von Seydlitz, anakumbukwa hasa kwa siku aliyogoma kutekeleza amri ya mfalme vita vikiwa vimepamba moto. Ujasiri wa kugoma namna hiyo aliupata ndani ya jeshi hilohilo, na safari yake ya kazi inaonyesha aliupataje.

Mwaka 1740 Prussia ilikuwa na watu wasiofika milioni tatu, lakini jeshi lake lilikuwa na askari wapatao 80,000. Tangu 1733 nchi iligawanywa katika wilaya za kuandikisha askari, na kila rejimenti ilichukua vijana kutoka wilaya yake, wengi wao watoto wa wakulima. Maafisa walitoka karibu wote katika koo za kikabaila. Kijana wa kikabaila aliingia jeshini angali mbichi, kisha akapanda cheo kwa zamu: asubiri aliyemtangulia apandishwe, astaafu au afe. Ulaji ulianzia kwenye ukapteni. Kapteni alikabidhiwa fedha za kuendesha kombania, na askari waliporuhusiwa kwenda kwao kulima, mishahara yao ilibaki mikononi mwake. Wengi walianza kuota mvi wakikisubiri cheo hicho. Waliotaka kuruka foleni walihitaji mambo mawili: vita, na jicho la mfalme.

Seydlitz aliyapata yote mawili. Alizaliwa mwaka 1721 huko Kalkar, karibu na mto Rhine. Baba yake, naye afisa wa wapanda farasi, alifariki mtoto angali mdogo. Akalelewa akiwa kijana wa utumishi katika jumba la mtawala wa Schwedt, mtu wa ukoo wa kifalme aliyependa michezo ya hatari juu ya farasi. Inasimuliwa kwamba Seydlitz alizoea kupita na farasi wake katikati ya mabawa ya kinu cha upepo yakiwa yanazunguka. Mwaka 1740 alipewa cheo cha chini kabisa cha uafisa katika rejimenti ya wapanda farasi wazito, wale wavaao deraya kifuani.

Mwaka huohuo Friedrich II alirithi kiti cha ufalme na kuivamia Silesia, jimbo la Austria. Katika pigano la Mollwitz, Aprili 1741, wapanda farasi wake walitimuliwa vibaya hata mfalme mwenyewe akaondoka uwanjani. Askari wa miguu ndio waliomwokoa. Friedrich hakuisahau aibu ile. Aliamuru kwamba wapanda farasi wasisimame kungoja kushambuliwa, wala wasipoteze muda kufyatua bastola. Wamwendee adui kwa upanga, mbio, goti kwa goti. Kufikia 1755 walitakiwa kushambulia kutoka umbali wa hatua 1,800, na hatua 600 za mwisho kwa shoti kamili.

Kulisema hilo ni rahisi, kulitenda ni shughuli. Farasi mwepesi akitangulia, mstari unavunjika. Wakikimbizwa mapema mno, wanamfikia adui wameishiwa pumzi. Kibaya zaidi, shambulio likifaulu wapandaji hutawanyika, huyu akimfukuza adui, yule akitafuta nyara, na jemadari anabaki hana jeshi. Seydlitz alijenga jina lake kwa kuyatatua matatizo hayo. Alitaka kila askari wake ammudu farasi wake mwenyewe kwenye mitaro na ardhi mbovu, kabla ya kumpanga mstarini na wenzake.

Vyeo vikaja. Mwaka 1742 alitekwa baada ya kukilinda kijiji kwa watu wachache dhidi ya kundi kubwa la Waaustria. Mfalme alimkomboa kwa kubadilishana mateka, na mwaka uliofuata akampa ukapteni bila kupitia uluteni. Baada ya ushindi wa Hohenfriedberg, mwaka 1745, akawa meja akiwa na miaka 24. Amani ilipoingia, mwendo ulipungua: alibaki meja mpaka 1752, akawa kanali 1755. Vita vya Miaka Saba vilipoanza, mambo yakaenda mbio tena. Juni 1757 Prussia ilishindwa huko Kolin, lakini yeye alitoka pale akiwa meja jenerali.

Novemba 5 ya mwaka huohuo, huko Rossbach, Friedrich alikuwa na askari wapatao 22,000 dhidi ya zaidi ya 40,000 wa Ufaransa na washirika wake wa Kijerumani. Alimkabidhi Seydlitz skwadroni 38, akiwaruka majenerali waliomzidi ukongwe. Seydlitz akazipitisha nyuma ya kilima ili adui asizione, kisha akatokea ubavuni mwao. Inasimuliwa kwamba alirusha kiko chake cha udongo hewani, na hiyo ndiyo ikawa ishara ya kushambulia. Wapanda farasi wa adui wakavunjika. Wengine wangewafukuza mpaka jioni. Yeye aliwakusanya watu wake bondeni, akawapanga upya, akangoja. Askari wa miguu wa adui walipoanza kuyumba chini ya risasi, akawaangukia mara ya pili. Kazi ilikwisha kwa muda usiozidi saa mbili. Prussia ilipoteza watu wapatao 550, waliouawa na waliojeruhiwa, na adui takriban 10,000 pamoja na mateka. Seydlitz alijeruhiwa, akapandishwa kuwa luteni jenerali na kupewa Nishani ya Tai Mweusi, ya juu kabisa nchini.

Huko Zorndorf, Agosti 25, 1758, hali ilikuwa nyingine. Warusi waliwarudisha nyuma askari wa miguu wa Prussia, na mfalme akatuma amri kwa Seydlitz ashambulie mara moja. Mbele yake kulikuwa na bonde la matope, na Warusi walikuwa bado wamejipanga vizuri. Hakwenda. Amri ikarudiwa, safari hii na tishio kwamba atalipa kwa kichwa chake. Inasimuliwa kwamba alijibu kuwa baada ya vita kichwa hicho ni mali ya mfalme, lakini kwa sasa aachiwe akitumie kumtumikia. Warusi walipovunja safu zao wakifuatia ushindi, alivuka bonde, akawapiga ubavuni na kulinusuru jeshi. Siku ile Prussia ilipoteza watu zaidi ya 12,000, na Warusi zaidi ya hapo. Kichwa hakikudaiwa.

Mwaka uliofuata alijeruhiwa huko Kunersdorf, akakaa nje ya vita kwa muda mrefu. Alirejea na kupigana huko Freiberg mwaka 1762, chini ya Mwanamfalme Heinrich. Baada ya amani alisimamia mafunzo ya wapanda farasi wa Silesia, akawa jenerali kamili mwaka 1767, na akafariki Novemba 1773 akiwa na miaka 52.

Atakayemtumia Seydlitz kama ushahidi kwamba afisa hodari huvunja amri atakuwa ameisoma nusu ya habari. Uhuru wake wa Zorndorf ulisimama juu ya miaka 18 ya kazi: mfalme alishaona Rossbach kwamba mtu huyu anajua kungoja, na askari wake walikuwa na mazoezi ya kutosha kuitumia nafasi ilipojitokeza. Afisa asiye na rekodi hiyo angegoma vilevile, na angestahili kushtakiwa.