MASHINE YA FOTOKOPI NA JALADA LA MWANANCHI
Maelezo kwa watumishi wa afisi za Serikali juu ya kupeleka karatasi kwenye folda za pamoja

Makarani wa masjala, makatibu muhtasi na wasimamizi wa kompyuta katika Wizara na Idara za Serikali, Unguja na Pemba, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini na kuyaweka mahali yatakapoonekana, karibu na mashine inayohusika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali kubwa iliyomo katika afisi ya Serikali ni kumbukumbu za watu. Mzee anayefunga safari kutoka Makunduchi kuja mjini kufuatilia kiinua mgongo chake, au mjane wa Micheweni anayedai mafao ya marehemu mumewe, huwa ameiweka haki yake mikononi mwa karani. Karatasi moja ikikosekana katika jalada, mtu huyo hurejeshwa nyumbani na kuambiwa aje kesho. Na kesho hiyo pengine huwa mwezi mzima. Kwa upande wa pili, karatasi hiyo hiyo ikiwekwa mahali ambapo kila mpita njia anaweza kuifungua, siri ya mtu imekwishatoka, wala hakuna awezaye kuirejesha.

Mashine za fotokopi za siku hizi zinaweza kuisoma karatasi na kuipeleka moja kwa moja kwenye folda iliyomo katika kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao wa afisi. Kazi iliyokuwa ikimhitaji tarishi wa kuchukua majalada kutoka chumba hadi chumba sasa hufanyika kwa dakika chache. Hata hivyo, faida hiyo hupatikana pale tu mashine inapopangwa vizuri. Muhtasari wa mpango huo ni mambo matatu: mashine ipewe jina lake, ipewe ufunguo wake, na ifunguliwe mlango mmoja tu.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Karatasi inapowekwa juu ya kioo, mashine huipiga picha na kuigeuza kuwa waraka wa kompyuta, aghalabu wa namna ya PDF. Baada ya hapo hufanya kama afanyavyo mgeni mwenye adabu: huenda kwenye kompyuta inayohifadhi folda, hubisha hodi, hutaja jina lake, huonyesha neno lake la siri, na ikikubaliwa huiacha karatasi na kuondoka. Lugha inayotumika katika mazungumzo hayo ni itifaki iitwayo SMB, na mlango unaobishwa ni mlango namba 445 wa kompyuta inayopokea. Endapo kinga ya kompyuta hiyo imeufunga mlango huo, mashine itangoja bila ya kujibiwa, na mwisho wake itatoa taarifa kwamba imeshindwa kuunganishwa.

Pahala pa kuiweka folda

Folda ya kupokea karatasi inafaa iwe katika seva ya Idara, ambayo huwaka mchana na usiku. Haifai kuwekwa katika kompyuta ya karani mmoja, kwa sababu kompyuta hiyo huzimwa saa tisa na nusu alasiri, na mwenyewe anapokwenda likizo hufungiwa chumbani pamoja na karatasi za watu.

Seva hiyo iwe na anwani ya IP isiyobadilika. Jambo hili huonekana dogo, lakini hapa visiwani ndilo chanzo cha malalamiko mengi. Umeme unapokatika na kurudi, ruta huweza kugawa anwani upya. Kama mashine imeandikiwa namba ya zamani, itakuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Dawa yake ni moja kati ya mbili: kuiandikia seva namba ya kudumu, au kuiagiza ruta iihifadhie seva namba ile ile daima. Mashine yenyewe pia ifanyiwe hivyo, ili msimamizi aweze kuifikia kila anapotaka kuirekebisha.

Jina na ufunguo

Makosa mengi huanzia hapa. Kwa haraka ya kazi, hutokea mashine ikapewa jina na neno la siri la Mkuu wa Idara. Siku Mkuu huyo anapobadilisha neno lake la siri, mashine husita kupeleka karatasi wala hakuna ajuaye sababu. Baya zaidi, mashine huendelea kujaribu kwa neno la zamani mara nyingi, hata jina la Mkuu likafungiwa na yeye mwenyewe asiweze kuingia katika kompyuta yake. Tena, yeyote atakayefanikiwa kulitoa neno hilo katika mashine atakuwa ameupata ufunguo wa majalada yote ya Mkuu.

Hivyo basi, mashine ifunguliwe jina lake peke yake katika seva, kwa mfano «skana-masjala», na neno la siri refu lisilotumika pahala pengine. Jina hilo lisiruhusiwe kukaa mbele ya kompyuta na kuingia kama mtumishi. Neno la siri linapobadilishwa, libadilishwe siku moja katika seva na katika mashine, na kazi hiyo iandikwe kuwa ni wajibu wa mtu anayejulikana.

Nani aingie na nani asiingie

Katika kompyuta zinazotumia Windows, ruhusa za folda huwa katika tabaka mbili: ruhusa ya kuifikia folda kupitia mtandao, na ruhusa ya folda yenyewe ndani ya diski. Zinapotofautiana, ile iliyo kali zaidi ndiyo inayofuatwa. Msimamizi asiyelijua hili huweza kuruhusu upande mmoja na kuusahau upande wa pili, kisha akashangaa kwa nini mashine inakataliwa. Kwa kuchoka, hutoa ruhusa kwa kila mtu katika pande zote mbili. Kuanzia saa hiyo mashine hufanya kazi vizuri sana, na jalada la yule mzee wa Makunduchi huwa wazi kwa kila mwenye kompyuta katika jengo.

Mpango unaofaa ni huu. Jina la mashine lipewe ruhusa ya kuandika katika folda yake tu. Makarani wa masjala wapewe ruhusa ya kusoma, kuhamisha na kufuta. Wengine wasipewe chochote. Ikiwa Idara ina vitengo vitatu vinavyotumia mashine moja, ziwepo folda tatu, na kila kitengo kiwe na kitufe chake katika orodha ya anwani za mashine. Katika orodha hiyo anwani ya folda huandikwa kwa kuanza na mikwaju miwili ya kurudi nyuma, kisha jina la seva, mkwaju mmoja, na jina la folda, kwa mfano: \\seva\masjala. Baadhi ya mashine huomba jina la seva na jina la folda katika visanduku mbali mbali. Hapo mikwaju haihitajiki.

Mashine kongwe na kompyuta mpya

Ziko afisi ambazo mashine yake ilipeleka karatasi kwa miaka mingi, na ghafla ikashindwa mara tu kompyuta ilipobadilishwa. Sababu yake inafaa ieleweke. Itifaki ya SMB ina matoleo kadhaa, na toleo la kwanza lina udhaifu. Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipitia kasoro ya toleo hilo na kuenea duniani kwa muda mfupi; hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Tangu Oktoba 2017, Windows 10 mpya huwekwa bila ya toleo hilo la kwanza. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, limekaza zaidi: katika matoleo yanayotumika afisini hudai mazungumzo yatiwe saini ya kompyuta, wala halimpokei mgeni asiye na jina.

Mashine kongwe isiyojua ila toleo la kwanza itakataliwa na kompyuta hizo. Kishawishi kilichopo ni kulirejesha toleo la kwanza ili kazi iendelee. Kufanya hivyo ni sawa na kuuvunja mlango wa nyumba nzima ili mtu mmoja apite. Kwanza aulizwe muuzaji au mtengenezaji kama ipo programu mpya ya ndani ya mashine inayojua matoleo ya 2 na 3. Ikiwa haipo, karatasi zichukuliwe kwa kijiti cha kumbukumbu kilichotengwa kwa kazi hiyo pekee, mpaka mashine itakapobadilishwa.

Jambo jengine linalosahauliwa ni saa. Pale majina ya watumishi yanaposimamiwa na seva moja kuu, tofauti ya zaidi ya dakika 5 baina ya saa ya mashine na saa ya seva kwa kawaida hutosha kuifanya mashine ikataliwe. Mashine iliyozimika kwa kukosa umeme huweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita. Kabla ya kulaumiwa mtandao, itazamwe saa.

Ubora wa picha

Kwa barua na fomu za kawaida, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Ukurasa mmoja wa A4 kwa kipimo hicho, ukiwa wa rangi kamili, huwa na ukubwa wa karibu megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukiwa mweusi na mweupe tu, huwa karibu megabaiti 1. Kwa hiyo rangi itumike pale inapohitajika, kama vile hati zenye mihuri, saini za wino wa buluu au ramani za viwanja. Mashine hujitungia majina ya nyaraka kwa tarakimu zisizo na maana kwa msomaji. Karani azipe nyaraka majina siku hiyo hiyo, yenye nambari ya jalada na tarehe, kisha azihamishie katika jalada linalohusika. Folda ya mashine ni kizingiti cha kupitia. Kila jioni inapasa iwe tupu.

Kujaribu, na kuaga mashine

Baada ya kupanga yote, yafanywe majaribio mawili. Kwanza, karani mwenye haki aipeleke karatasi isiyo na siri na kuifungua katika kompyuta yake. Pili, mtumishi asiyehusika ajaribu kuifungua folda hiyo hiyo, na ahakikishwe kwamba amezuiwa. Afisi nyingi hufanya jaribio la kwanza na kuridhika. La pili ndilo linaloilinda amana.

Aidha, ikumbukwe kwamba mashine nyingi kubwa za fotokopi zina diski ndani yake, na diski hiyo huweza kubakia na picha za karatasi zilizopita. Mwaka 2013 nchini Marekani, shirika moja la bima ya afya lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurejesha mashine za kukodi bila ya kuzifuta diski zake, zilizokuwa na habari za wagonjwa. Mashine ya Serikali isiuzwe, isirejeshwe kwa mwenyewe wala isitupwe kabla diski haijafutwa au kutolewa, na orodha ya anwani pamoja na maneno ya siri kuondoshwa.

Mwisho, kupelekwa kwa karatasi kwenye folda hakuondoi haja ya kuhifadhi hati ya asili, wala haja ya kuweka nakala ya akiba ya seva pahala pengine. Kila Mkuu wa Idara anakumbushwa kumteua mtumishi mmoja na msaidizi wake, ambao majina yao yataandikwa juu ya mashine, wawe ndio wa kuulizwa. Mwananchi anayefika dirishani hana haja ya kujua itifaki wala anwani. Haja yake ni kwamba jalada lake lionekane anapoliulizia, na lisionwe na asiyehusika.