Kabla ya Kubadilisha Shokapu za Nyuma za Pikipiki

Dereva wa bodaboda anayebeba abiria na mizigo kutwa nzima katika barabara za vumbi na matuta huanza, baada ya muda, kuziona dalili zilezile. Pikipiki inakita chini kila inaporuka tuta, abiria analalamikia mgongo, na sehemu ya nyuma inayumba katika kona. Dereva huyo huenda duka la vipuri, na huko huonyeshwa shokapu ndefu kuliko zake, zenye springi nene za rangi nyekundu au ya dhahabu na kijitungi pembeni. Huambiwa kwamba hizo ni "za gesi", na kwamba akizifunga atabeba mzigo wowote. Maelezo ya kwanza huenda yakawa kweli. Ya pili si kweli kamwe, na hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala hii.

Shokapu moja ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Springi ndiyo inayobeba uzito. Ndani yake mna silinda yenye oili, ambamo pistoni yenye matundu madogo hupanda na kushuka. Oili inapolazimika kupenya katika matundu hayo huizuia springi isirukeruke, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu inayofanya kazi yake huwa ya moto ukiigusa baada ya safari ya barabara mbovu. Springi ikichoka, pikipiki hukaa chini hata ikiwa imeegeshwa na dereva wake juu. Oili ikivuja, kimo hubaki vilevile lakini pikipiki hudunda mara mbili tatu baada ya kila tuta. Haya ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Mlaji aliyeishiwa oili akiuziwa springi ngumu zaidi, atadunda kuliko alivyokuwa akidunda kabla ya kutoa fedha zake.

Kuhusu gesi, jambo lenyewe ni la kweli na lina faida. Oili inayosukwasukwa kwa muda mrefu hufanya povu, na povu hupita katika matundu ya pistoni bila upinzani wa kutosha. Naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ya shokapu huzuia povu hilo, hivyo shokapu hubaki na utulivu wake hata mwisho wa siku. Lakini kazi ya gesi hiyo si kubeba gunia. Tena, katika baadhi ya shokapu za bei ya chini, kijitungi cha pembeni ni pambo tupu: kimefungwa kwa skrubu, hakina tundu lolote linalokiunganisha na silinda. Mnunuzi ana haki ya kumwomba muuzaji amwonyeshe njia inayopitisha oili au gesi kutoka kijitungini, na muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakasirishwa na swali hilo.

Tunashauri mlaji asiende dukani kabla ya kufanya uchunguzi ambao haumgharimu chochote. Kwanza, apime upepo wa matairi, kwa kuwa tairi lililojazwa kupita kiasi huifanya pikipiki iwe ngumu kama mkokoteni, na lawama zikaangukia shokapu. Pili, aziangalie bushi za mpira zilizo katika macho ya shokapu, juu na chini, pamoja na bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Bushi iliyolika hutoa mlio wa kugonga na huyumbisha gurudumu, nayo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu mpya. Tatu, apanguse fimbo ya chuma inayong'aa, aendeshe siku moja, kisha aikague. Ikiwa imelowa oili, sili imekwisha. Nne, akandamize siti kwa nguvu na kuiachia ghafla. Siti yapasa kurudi juu na kutulia papo hapo.

Kipo kipimo kingine kinachohitaji futikamba na mtu wa kusaidia. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani, kisha upimwe umbali kutoka katikati ya ekseli hadi bolti ya fremu iliyo juu yake. Baada ya hapo ishushwe, dereva aipande peke yake, na msaidizi apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili yapasa kuwa kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Gurudumu linaloweza kupanda milimita 90, kwa mfano, likishuka milimita 28 chini ya uzito wa dereva, springi ni nzima. Likishuka milimita 45, ama springi imechoka ama kola iliyo kwenye springi imewekwa ngazi ya chini mno. Kola hiyo hugeuzwa kwa spana yake maalumu, na mara nyingi hakuna aliyeigusa tangu pikipiki itoke dukani. Ngazi za shokapu zote mbili ziwe sawa.

Uzito ndio jambo tunaloomba msomaji alitafakari zaidi. Kitabu cha pikipiki hutaja uzito wa juu ambao chombo kimeundwa kuubeba, dereva akiwamo. Tuseme kitabu kinataja kilo 150. Dereva wa kilo 70 akimbeba abiria wa kilo 70 na furushi la kilo 10, tayari amefika mwisho. Akiongeza gunia la kilo 50, amezidisha kwa theluthi nzima, na hilo halibadiliki hata akifunga shokapu za aina gani. Fremu ni ileile, spoku ni zilezile, tairi ni lilelile, na breki zinazopaswa kusimamisha uzito huo mbele ya mtoto anayevuka barabara hazikuongezewa kitu. Shokapu za zamani zilipokita chini zilikuwa zikimwonya dereva. Shokapu ngumu humnyima onyo hilo, akaendelea kupakia mpaka kitu kingine kikatike. Kwa kufaa bodaboda, kanuni zinaruhusu abiria mmoja. Mishikaki ni kosa, na hakuna springi inayoihalalisha.

Urefu nao si urembo. Shokapu zilizozidi urefu huinua sehemu ya nyuma, hubadilisha mlalo wa usukani hata pikipiki ikawa nyepesi kuyumba kwenye mwendo wa kasi, na huvuruga ukazaji wa cheni. Zilizo fupi mno huruhusu tairi kugusa madigadi pikipiki ikipakiwa. Mnunuzi apime shokapu yake ya zamani kutoka katikati ya jicho la juu hadi katikati ya jicho la chini, aende dukani na kipimo hicho, na anunue jozi. Kufunga moja mpya na kuacha moja kuukuu huupinda mkono wa gurudumu upande mmoja.

Dukani, aangalie kama kifungashio kina jina la mtengenezaji, nchi ilikotoka na aina ya pikipiki iliyokusudiwa. Shokapu zilizotumika zikapakwa rangi upya huuzwa pia. Si kosa kuuza kitu kilichotumika, kosa ni kukiita kipya. Mlaji adai risiti iliyoandikwa aina ya bidhaa, si neno "spea" pekee, na muda wa dhamana uandikwe humo. Tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" lililobandikwa ukutani halimwondolei muuzaji wajibu wake pale bidhaa inapokuwa mbovu au haifai kwa kazi aliyoieleza mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na kauli kwamba shokapu fulani "inabeba mzigo wowote" ni kauli ya namna hiyo. Bidhaa bandia zenye alama za biashara za wengine zinasimamiwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Baada ya kufunga, fundi arekebishe cheni, mwelekeo wa taa ya mbele uangaliwe usiku ili usiwaumize macho wanaokuja, na bolti zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Shokapu za zamani ni mali ya mwenye pikipiki: azichukue na azihifadhi hadi dhamana iishe. Anayetaka kulalamika aje na risiti, kifungashio na shokapu yenyewe ikiwa haijafunguliwa, kwa sababu iliyokwisha kufunguliwa na fundi wa mtaani ni vigumu kuthibitisha ilikuwa na kasoro gani ilipouzwa.