Anayeshika kikonyo ndiye anayeshika soko

Mbegu ya tufaha haizai tufaha lile lile. Ua la mtufaha kwa kawaida halijichavushi. Hutegemea nyuki walete chavua ya mtufaha wa aina nyingine, na kila mbegu hurithi mchanganyiko wake wa pekee. Mbegu tano za tunda moja ni ndugu watano wasiofanana, na wengi wao wakipandwa huzaa matunda madogo, makali. Ndiyo maana aina inayopendwa sokoni huendelezwa kwa kubebesha: kikonyo chake hufungwa kwenye shina la mti mwingine, kama ifanyikavyo kwa miembe na michungwa.

Magharibi mwa Minneapolis–Saint Paul, jimboni Minnesota nchini Marekani, ukaidi huo wa mbegu umegeuka mtaji. Peter Gideon wa Excelsior alipanda mbegu mwaka baada ya mwaka, baridi ikaua karibu miche yote, hadi mwaka 1868 alipopata aina ya Wealthy. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha shamba la utafiti jirani na hapo. Maelfu ya miche hukuzwa kwa mbegu, kisha huhukumiwa kwa mdomo: wakati wa mavuno mtafiti David Bedford alikuwa akipita kwenye mistari akiuma, akitafuna na kutema mamia ya matufaha kwa siku. Miti iliyo mingi hukatwa.

Aina ya Honeycrisp ilinusurika. Uchavushaji wake ulifanyika mwaka 1960, ikafika sokoni mwaka 1991. Daftari lilitaja wazazi Macoun na Honeygold. Vipimo vya vinasaba vikawakana wote wawili na kumtaja Keepsake, na mzazi wa pili hakujulikana hadi mwaka 2017. Mnunuzi hakujali. Kwa mrabaha wa takriban dola 1 kwa kila mche, chuo kilivuna zaidi ya dola milioni 10 kabla hataza haijaisha mwaka 2008.

Somo hilo, kwamba hataza huisha muda na mrabaha wake, halikupotea. SweeTango, mtoto wa Honeycrisp aliyetolewa mwaka 2009, ilikabidhiwa kundi teule la wakulima na kulindwa pia kwa alama ya biashara, ambayo haiishi muda kama hataza. Baadhi ya wakulima wa Minnesota walikwenda mahakamani mwaka 2010 kupinga utaratibu huo, na malalamiko yao yalikuwa na uzito, maana chuo ni cha umma.

Hataza ya mimea ya Marekani hulinda kikonyo. Mbegu za SweeTango yeyote anaweza kuzipanda. Atakachovuna hakitakuwa SweeTango.