Pac-Man Nje ya Kabati Lake

Wapenzi wa michezo ya zamani ya mashine za sarafu wana ubishi usiokwisha: wapo wanaoshikilia kwamba asiyesimama mbele ya kabati la asili, mkono kwenye kijiti, hajacheza. Naona wanakosea, na ushahidi wangu ni Pac-Man, mchezo ambao Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco waliutoa Japani mwaka 1980. Katika vichochoro vyake mizuka minne humwinda mchezaji, kila mmoja kwa tabia yake. Mwekundu hukufuata papo hapo ulipo. Wa waridi hulenga hatua nne mbele ya unakoelekea, akukate njia. Wa rangi ya chungwa hukujia, kisha akikukaribia hukimbilia pembeni. Rudia mwendo uleule kwa wakati uleule, nayo mizuka itarudia wake. Ndiyo maana wapo waliokariri njia nzima wakacheza kwa saa kadhaa, mpaka raundi ya 256, ambapo nusu ya kulia ya skrini huvurugika, kwa kuwa hesabu ya raundi hutunzwa katika baiti moja isiyoweza kupita 255.

Yote hayo yamo kwenye programu, si kwenye mbao. MAME, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, huifanya kompyuta ya kawaida iige chipu za mashine na kuendesha programu ileile, pamoja na kasoro yake ya raundi ya 256. Kwa aliye mbali na jumba la Funspot huko Laconia, New Hampshire, lenye makumbusho ya mashine hizi, mlango uko wazi.

Nakubali kwamba skrini ya kichogo ina mng'ao wake. Kwenye mashine zilizotumika sana vichochoro vya Pac-Man vimeunguza kioo, na huonekana hata umeme ukizimwa. Hoja nzito zaidi ni ya haki: programu hizi zina wenyewe, na kuzichukua bila ruhusa ni kosa. Kwa hiyo anayependa kucheza tu anunue matoleo halali ambayo kampuni bado zinauza. Lakini kuhifadhi nakala ni kazi isiyoepukika, maana baadhi ya chipu hupoteza kumbukumbu kadiri zinavyozeeka. Fundi anayefufua kabati la asili hubadilisha kapasita zilizochoka, na akikuta chipu imefutika, huandika mpya kutokana na nakala iliyohifadhiwa na hao hao wanaoiga mashine kwa kompyuta.