Mtoto ameingia shule, lakini amejifunza?

Watu wa uchumi wanaposema «mtaji», hawamaanishi pesa na mashine tu. Wanahesabu pia mtaji wa watu: afya, elimu na ujuzi ambao mtu anaubeba ndani yake. Ujerumani na Japani baada ya 1945 zilikuwa na viwanda vilivyobomolewa, lakini watu wenye ufundi walibaki, na nchi hizo ziliinuka upesi.

Kwetu ilikuwa kinyume. Mwaka 1960 tulipata uhuru tukiwa na migodi, reli na bandari, lakini Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Hata leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu, halafu sehemu kubwa inasafishwa China, na faida inabaki kule kwenye ujuzi.

Basi tukijaza mashule, tumewekeza? Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali. Tangu Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa, na shule zetu za mkataba zimo ndani. Tulishangilia. Mzazi aliyekuwa akichagua nani asome kati ya kaka na dada (na tunajua nani alibaki nyumbani) alipumua. Lakini Benki ya Dunia ilipopima mwaka 2020, ilikuta kwamba mtoto wa Kongo anatazamia miaka 9 hivi ya shule, ila anachojifunza kinalingana na miaka 4 na nusu. Nusu nzima inapotea akiwa ameketi kwenye benchi!

Inapotelea wapi? Katika kalasi ya watoto mia na mwalimu mmoja. Kwa mwalimu ambaye jina lake haliko kwenye lista ya malipo: zamani aliishi kwa primu ya wazazi, sasa hana primu wala mshahara, na saa nne anaenda shambani. Kwa mtoto aliyekuja na njaa.

Uchumi unakua pale mkulima anaposoma maandishi kwenye mfuko wa dawa na kupima sawasawa, pale fundi anapopiga hesabu bila kupoteza simenti, pale mama aliyesoma anapowapeleka watoto wake chanjo kwa wakati. Cheti peke yake hakifanyi hata moja.

Nasi viongozi wa kanisa tuna sehemu yetu. Mara ngapi tumefungua shule mpya kwa sababu tu kanisa la jirani limefungua yao, tukijua walimu hawatalipwa? Tunaziomba kamati za wazazi, kabla ya kuomba kibali cha shule nyingine, ziwaite watoto wa kalasi ya tatu mmoja mmoja na kuwapa mistari minne ya Injili kwa Kiswahili, wasome kwa sauti. Tulifanya hivyo mahali pamoja. Waliofika mwisho walikuwa wachache sana. Mwalimu mkuu alinyamaza kwa muda, kisha akatuomba tusizungumze tena habari ya jengo jipya, bali tumtafutie vitabu vya kusomea.