Kupanga Fedha za Nyumba: Raha Ndogo Nayo Ihesabiwe

Mwisho wa mwezi ni siku ya furaha katika nyumba nyingi za mji wa Nairobi. Baba hurudi na mshahara, mama huwasha jiko mapema, na harufu ya nyama hutoka katika mlango ambao kwa wiki mbili ulitoa harufu ya sukuma wiki peke yake. Lakini ifikapo tarehe 15 mambo hugeuka. Kopo la sukari hugongwa chini ili chembe za mwisho zianguke, mtoto hutumwa dukani na maneno badala ya fedha, na mume na mke huanza kuulizana swali ambalo mara nyingi huleta ugomvi: zile fedha zimekwenda wapi?

Jambo hili si geni, wala halitokani na uvivu wa watu. Mwaka 1954 kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, chini ya uongozi wa Bwana F. W. Carpenter, ilieleza kuwa mshahara wa chini uliowekwa kwa sheria ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume aishiye peke yake. Kamati hiyo ilishauri upandishwe hatua kwa hatua hata umtoshe mtu mwenye mke na watoto. Miaka 70 baadaye, mwezi wa Novemba 2024, mshahara wa chini wa kibarua wa Nairobi uliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Shilingi ya mwaka 1954 si shilingi ya mwaka 2024, lakini swali la mama wa nyumba ni lile lile: fedha hizi zitagawanywaje hata zifike mwisho wa mwezi?

Ni lazima kusema kweli tangu mwanzo. Hesabu nzuri haiongezi mshahara, na mtu asidanganywe kuwa kalamu na daftari vitageuza kidogo kuwa kingi. Kazi ya hesabu ni kuonyesha fedha zinapopita. Na mara nyingi mahali zinapopita ni pale ambapo hapakuandikwa kabisa.

HESABU ISIYOSEMA KWELI

Mfano uwe nyumba ya watu watano: baba, mama na watoto watatu, wanaoishi katika chumba cha kupanga, na mapato yao yote ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Baba na mama wameketi na kuandika hivi: kodi ya nyumba shilingi 5,000, chakula 7,800, makaa na mafuta ya taa 1,500, nauli 2,200, maji, sabuni na taa 1,000, shule 1,500. Jumla ni shilingi 19,000. Zilizosalia, shilingi 1,000, wameandika kuwa ni akiba.

Karatasi hiyo yapendeza macho. Kila senti ina kazi yake, na akiba ipo. Lakini itazamwe tena. Hakuna mahali palipoandikwa kikombe cha chai anachokunywa baba pamoja na wenzake saa nne kazini. Hakuna fedha za mama za kusuka nywele. Hakuna andazi la mtoto siku ya Jumapili. Walioandika hesabu hiyo waliona haya kutaja mambo hayo, kwa kuwa waliyahesabu kuwa ni anasa, na maskini hana haki ya anasa.

Juma la kwanza hushinda nia yao. Juma la pili baba achoka, naye aingia katika kibanda cha chai. Kikombe kimoja na maandazi mawili ni shilingi 40. Ni fedha ndogo, kwa hiyo hasemi nyumbani. Mwezi ufuatao amekwisha kuzoea, na hunywa kila siku ya kazi. Siku 26 kwa shilingi 40 ni shilingi 1,040. Akiba yote imekwisha, na juu yake kuna deni la shilingi 40, kabla ya mama kununua hata uzi wa nywele.

Naye mama ana njia yake. Hupunguza kidogo katika fedha za unga, akasuka nywele, kisha akasema kuwa bei ya unga imepanda. Baba husikia na kunyamaza, kwa kuwa yeye pia ana lake alilolificha. Basi nyumba moja huwa na hesabu tatu: moja ya daftari, moja ya mfuko wa baba, na moja ya pindo la leso ya mama. Siku hesabu hizo zikutanapo, ugomvi wao hauwi juu ya shilingi 40 tena, bali juu ya uaminifu. Umaskini umewapotezea jambo ambalo halikuwa na lazima kupotea.

DENI LIJAZALO PENGO

Pengo hilo hutafutiwa kizibo, na kizibo kilicho karibu ni deni. Zamani lilikuwa daftari la mwenye duka peke yake. Baada ya huduma ya M-Pesa kuanza mwezi wa Machi 2007, simu ikawa mfuko wa fedha, na kuanzia Novemba 2012 huduma ya M-Shwari iliwawezesha watu kukopa kwa simu hiyo hiyo. Mkopo huo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, yaani shilingi 75 kwa kila shilingi 1,000.

Shilingi 75 hazimtishi mtu. Lakini mtu akopaye shilingi 1,000 ili alipe pengo la mwezi huu, akazirudisha na kuzikopa tena mwezi ujao, na akaendelea hivyo mwaka mzima, atalipa ada mara 12. Hizo ni shilingi 900, karibu sawa na fedha alizokopa, na pengo lake lipo pale pale. Mkopo wafaa kwa mgonjwa anayehitaji dawa usiku. Haufai kwa sukari ya kila mwezi.

RAHA ILIYOANDIKWA

Dawa ya jambo hili si kuikataza raha, bali kuipa mahali pake. Nyumba ile ya watu watano yaweza kuzigawa zile shilingi 1,000 mara mbili: shilingi 600 za akiba na shilingi 400 za raha. Katika hizo 400, baba apewe 160, ambazo ni chai na maandazi ya kila Ijumaa pamoja na wenzake, mara nne kwa mwezi. Siku nyingine achukue chai ya nyumbani katika chupa. Mama apewe 140, azitumie apendavyo, naye asiulizwe. Watoto wawekewe 100, ili kila Jumapili wapate kitu kitamu cha kushiriki.

Mtu aweza kusema kuwa shilingi 400 ni nyingi kwa watu wenye shida. Azilinganishe na zile 1,040 alizotumia baba peke yake kwa siri. Raha iliyoandikwa ni ndogo kuliko raha iliyofichwa, kwa sababu ina mpaka. Tena ni tamu zaidi. Chai ya Ijumaa ambayo mke anajua habari zake hunywewa kwa moyo mweupe, na mtoto ajuaye kuwa Jumapili inakuja halii mbele ya duka siku ya Jumatano.

Na zile shilingi 600 zikiwekwa kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 7,200. Shule zifunguliwapo Januari, sare na madaftari havitanunuliwa kwa mkopo, wala mtoto hatakaa nyumbani juma la kwanza akiwatazama wenzake wakipita.

KUPUNGUZA BILA KUUMIA

Yako pia mambo ambayo nyumba yaweza kupunguza bila mtu ye yote kuonja uchungu.

La kwanza ni kununua kwa vipimo vidogo mno. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 160, na robo kilo ni shilingi 45. Anunuaye kwa robo hulipa shilingi 180 kwa kilo. Nyumba itumiayo kilo 4 kwa mwezi hupoteza shilingi 80, ambazo ni nusu ya fedha za chai ya baba. Ni kweli kwamba maskini hununua kidogo kwa kuwa hana fedha za kununua kingi. Lakini majirani wanne waaminianao waweza kuchanga, wakanunua pakiti kubwa na kugawana kwa kipimo kimoja mbele ya macho ya wote. Hali kadhalika makaa: gunia likigawanywa na nyumba kadhaa, kila nyumba hulipa kidogo kuliko ikinunua kwa mkebe kila jioni.

La pili ni moto. Mapema katika miaka ya 1980 lilianza kuenea Kenya jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, na umbo lake ni jembamba katikati. Udongo huo huzuia joto lisipotelee pembeni kama lifanyavyo katika jiko la bati tupu, na kwa hiyo makaa hupungua kwa kiasi cha theluthi moja au zaidi. Bei yake ni kubwa kuliko ya jiko la kawaida, lakini tofauti hiyo hurudi upesi katika makaa yasiyonunuliwa.

La tatu ni maji na subira. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko makavu. Tena mama aweza kuyachemsha kwa nguvu kwa robo saa, kisha akaifunika sufuria vizuri, akaizungushia blanketi kuukuu na kuiweka ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba. Joto lililomo huendelea kuyapika kwa saa kadhaa bila kaa hata moja. Kabla ya kula, yachemshwe tena kidogo. Maharagwe hayo yakichanganywa na mahindi kuwa githeri huupa mwili chakula cha kuujenga, maana kila kimoja hutimiza upungufu wa mwenziwe. Nyama ikikosekana siku sita, watoto hawatadhoofika kwa sababu hiyo.

Lakini liko jambo moja ambalo halifai kubanwa kamwe. Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa ili kuleta joto usiku. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Blanketi moja zaidi ni bei nafuu kuliko hatari hiyo.

FAIDA YA KUKUTANA

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hujaa upesi watu wakichanga pamoja. Katika miaka ya 1960 wanawake wa sehemu za kati za Kenya waliunda vikundi vya kununua mabati. Kila mmoja alitoa fedha zake kidogo, na nyumba moja baada ya nyingine ikavuliwa nyasi na kuezekwa bati. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kununua mabati hayo upesi akiwa peke yake.

Vyama vya namna hiyo vimeenea katika miji na mashamba. Mwanachama hutoa kiasi kile kile kila wiki au kila mwezi, na zamu yake ifikapo hupokea fedha zote kwa mara moja. Hapana riba, lakini yapo masharti mawili yaliyo lazima: watu wafahamiane, na fedha ziandikwe kitabuni mbele ya wote. Na iko faida nyingine isiyoandikwa kitabuni. Siku ya chama, mama ambaye amekuwa akihesabu peke yake huketi pamoja na wenzake, hunywa chai, hucheka, na husikia kuwa kopo la sukari hugongwa chini katika nyumba nyingine pia. Aibu humtoka. Hiyo nayo ni raha, tena ni ya bei ndogo sana.

JIONI YA MSHAHARA

Basi ifaayo ni jioni moja tu katika kila mwezi. Siku ya mshahara, kabla senti haijatoka, baba na mama waketi pamoja na daftari moja. Waandike kodi, chakula, shule na nauli. Kisha waandike akiba. Kisha waandike raha ya kila mmoja bila kuoneana haya. Mwezi ukiwa mbaya, raha ipunguzwe, lakini isifutwe, na kila mmoja aambiwe sababu yake, hata watoto. Mtoto aliyeambiwa kweli huvumilia kuliko mtoto aliyefichwa.

Jina la sukuma wiki lilitokana na kazi yake: ni mboga ya kuisukuma wiki hata ifike mwisho. Watu wengi wamezisukuma wiki zao kwa mboga hiyo, wakalea watoto na kuwasomesha. Wiki husukumika vizuri zaidi pale ambapo wanaoisukuma ni wawili, wanajua kilichomo katika mfuko, na kila mmoja ana kikombe chake cha chai kisicho na siri.