Neno "na" katika Kufundisha Kanuni ya Kuhesabu, Pwani ya Mtwara

Miongoni mwa kanuni za hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari, iko moja iliyo fupi sana kwa maneno, na ambayo hata hivyo huwatatiza wanafunzi wengi. Nayo ni hii: jambo la kwanza likiweza kutendeka kwa njia kadhaa, na kwa kila njia mojawapo ya hizo jambo la pili likiweza kutendeka kwa njia kadhaa vilevile, basi idadi ya njia za kuyatenda yote mawili hupatikana kwa kuzidisha, wala si kwa kujumlisha. Juu ya msingi huu ndipo hujengwa baadaye elimu ya mipangilio na ya uwezekano wa mambo kutokea.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huko Mtwara mjini, Mikindani au Msimbati huulizwa: mtu mwenye mashati matatu na suruali mbili aweza kuvaa kwa namna ngapi? Aghalabu hujibu: tano. Jibu hukatwa kwa wino mwekundu, na mara nyingi mtoto huondoka akidhani kwamba hana kichwa cha hesabu. Lakini jibu hilo halikutoka hewani. Tangu darasa la kwanza amefunzwa kwamba tatu na mbili ni tano. Na hapa swali limesema "matatu na mbili". Amelisoma neno "na" kama alivyofundishwa kulisoma. Kosa, ikiwa ni kosa, ni la swali kabla ya kuwa la mwanafunzi.

Jambo hili lina mizizi mirefu katika lugha. Katika majina ya tarakimu za Kiswahili, "na" ni alama ya kujumlisha: kumi na moja, ishirini na tatu. Kimakonde, ambacho ni lugha ya nyumbani kwa watoto wengi wa mkoa huo, hukaza desturi hiyo zaidi, kwa kuwa hesabu yake ya asili huenda kwa tano: sita hutajwa kuwa ni tano na moja, saba ni tano na mbili. Mtoto wa namna hiyo amekuwa akijumlisha kwa "na" tangu alipoanza kusema. Kuhamia Kiingereza katika sekondari, baada ya elimu ya msingi ambayo imefundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, hakumwondolei shida hiyo, kwani kiungo cha Kiingereza nacho kina utata ule ule.

Hata hivyo Kiswahili kina dawa yake. Yatazamwe maneno "mia mbili na tatu". Mia na mbili zimewekwa bega kwa bega bila kiungo, na maana yake ni mia mara mbili. Tatu imeungwa kwa "na", nayo yajumlishwa. (Kanuni hii haikukamilika: katika "elfu mbili mia tano" mafungu mawili hugusana bila "na" na bado hujumlishwa. Mwalimu asiifiche kasoro hiyo, maana wanafunzi wataigundua wenyewe.) Tena yako maneno "kila" na "mara". Swali la mavazi likigeuzwa kuwa "kwa kila shati, aweza kuchagua suruali ngapi?" jibu la sita huja bila kusukumwa: mbili, mara tatu.

Mfano wa bao wafaa kuliko mavazi, kwa kuwa kuzidisha huonekana kwa macho. Ubao una safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Anayetaka kutaja shimo moja huchagua kwanza safu, kisha nafasi ndani ya safu: nne mara nane, mashimo 32. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili, na hivyo hupatikana kete 64 za mchezo mzima.

Baada ya hapo ndipo darasa lipelekwe barabarani, ambako "au" hukutana na "kisha". Kutoka Mtwara hadi Masasi ziko njia kuu mbili: ya Mingoyo, na ya Nanyamba, Tandahimba na Newala. Mtu aendaye na kurudi ana safari 2 mara 2, yaani nne. Akiwekewa sharti asirudi kwa njia aliyoendea, chaguo la pili limefungwa na la kwanza, na safari zabaki 2 mara 1. Sasa na avuke kwenda Msumbiji. Aweza kuvuka kwa chombo huko Kilambo, karibu na mlango wa Ruvuma, au apite Masasi kisha Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Zikihesabiwa njia hizi tu, jumla ni 1 kuongeza 2, yaani tatu. "Kisha" imezidisha, "au" imejumlisha, na "na" haikuhitajiwa hata mara moja.

Kwa walimu wa lugha, mfano ulio tajiri kupita yote umo katika kitenzi. Viambishi vya nafsi ya mtendaji ni sita: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Vikichukuliwa viambishi vinne vya wakati, -na-, -li-, -ta-, -me-, mzizi -ona hutoa maumbo 24. Vikiongezwa viambishi vitano vya mtendewa, -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-, kuzidisha hutoa 120. Lakini Kiswahili hakisemi "ninaniona", husema "ninajiona". Wala hakisemi "unakuona" kwa maana ya mtu kujiona, wala "tunatuona". Miungano mitatu, kila mmoja katika nyakati nne, yaondoka: yabaki maumbo 108. Hapa mwanafunzi huona kwamba kanuni huzidisha kwa usalama pale tu ambapo idadi ya chaguo la pili haibadilishwi na chaguo la kwanza; ikibadilika, kila nafsi ihesabiwe peke yake. Yako pia maumbo kama "tunaniona", "ninatuona" na "mnakuona", ambayo sikio huyakataa ingawa mtendaji na mtendewa si mtu yule yule hasa. Wanaoyakataa hupata 96, na wanaoyaruhusu hubaki na 108. Darasa likigawanyika juu ya hesabu hizo mbili, kila upande utakuwa umezidisha sawasawa, na ubishi utakuwa umehamia kwenye sarufi.